Alama ya & kwenye PHP: haiokoi memori, inaweza kuharibu bei dukani

Ukifungua duka la mtandaoni kwa simu ukakuta ukurasa mweupe, usikimbilie kulaumu bando. Huenda programu imeishiwa memori kule kwenye seva. PHP, lugha inayoendesha Wikipedia na tovuti za WordPress, kwa kawaida huipa kila kazi MB 128. Zikijaa, kazi inakatwa hapo hapo.

Kwa kuogopa hilo, wanaoanza kuandika PHP wengi hukimbilia alama ya &. Wanaiweka kwenye foreach, amri inayopitia orodha kitu kimoja kimoja, wakiamini inazuia orodha nzima kunakiliwa. Kumbe PHP hainakili chochote pale. Orodha ikisomwa tu, inabaki ile ile moja. Nakala hutengenezwa pale inapobadilishwa. Kwa hiyo hakuna kilichookolewa, ila mtego umeshategwa.

Chukua bei tatu: sukari 3,000, mchele 3,500, mafuta 7,000. Mzunguko wa kwanza, wenye &, unakagua kila bei kupitia jina $bei. Ukiisha, $bei haifutiki. Inabaki imeng'ang'ania bei ya mwisho, yaani ya mafuta. Sasa unakuja mzunguko wa pili wa kuonyesha bei, hauna & lakini unatumia jina lile lile. Kila bei inayosomwa inaandikwa juu ya ile ya mafuta: kwanza 3,000, kisha 3,500. Zamu ya mafuta ikifika, 7,000 haipo tena. Mteja anauziwa mafuta kwa 3,500, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mwenye duka ndiye atashtuka jioni akipiga hesabu.

Dawa ni mstari mmoja baada ya mzunguko wa kwanza: unset($bei). Haufuti bei, unakata tu ule uhusiano. Na kama hubadilishi kitu, & ya nini?

Memori inaokolewa kwa kutobeba mzigo wote mara moja. Amri ya file() inameza faili zima, fgets() inasoma mstari mmoja mmoja. Tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013 ipo pia yield, inayotoa kitu kimoja na kusubiri kuombwa kingine. Mwongozo rasmi wa PHP unatoa mfano wa namba 0 hadi milioni moja: kwa range() zote zinabebwa kwenye memori kwa pamoja, kwa njia ya yield hazifiki hata KB 1. Ila ukishaanza kupitia, huwezi kurudi nyuma, wala kujua idadi kabla hujamaliza.