Kuwatembeza mama, shangazi na bibi Dar es Salaam: panga hivi kabla hamjapanda treni

Muulize mama wa kijijini kwetu huku Dodoma kama amewahi kufika Dar es Salaam. Wengi watajibu ndiyo. Muulize alikwenda kufanya nini, utasikia: nilimpeleka mgonjwa Muhimbili, nilikwenda kwenye msiba wa kaka, nilikwenda kumlea mwanangu alipojifungua. Alikaa jijini wiki mbili, akaona wodi, chumba cha mwenyeji wake na stendi ya mabasi, kisha akarudi. Bahari aliiona kwa mbali kupitia dirisha la daladala, kama aliiona.

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwezi Julai 2024, wasikilizaji wetu wamekuwa wakiuliza safari ya aina nyingine: kwenda kutembea tu, bila mgonjwa na bila msiba. Wanaouliza zaidi ni mabinti na wakwe wanaotaka kuwachukua wanawake wa ukoo kwa pamoja. Mimi nilikwenda na watatu wa kwetu, mama, shangazi na bibi mzaa mama. Makala hii inaeleza jinsi ya kuipanga safari kama hiyo, na kwa nini inafaa kuigharamia.

Nani atabaki na mbuzi?

Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na ni swali la haki. Mwanamke wa kijijini hana likizo. Kuna mifugo, kuna wajukuu, kuna mzee ambaye hajawahi kujipikia. Usianze kuzungumzia nauli kabla hujapata jibu la hapo. Keti na kaka, mjomba au jirani, mkubaliane nani atafanya nini kwa siku hizo nne au tano. Na baba au babu asikie habari hiyo mapema kutoka kwako, asije akaisikia kisimani.

Wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Agosti. Huku kwetu mavuno yanakuwa yameingia ghalani, na Dar es Salaam joto limepungua. Ukimpeleka bibi Januari au Februari, fukuto la pwani litamchosha kabla ya saa nne asubuhi. Wanaopenda maonyesho wanaweza kulenga siku za Sabasaba mwanzoni mwa Julai, lakini wajue kuwa jiji hujaa.

Nauli na kitambulisho

Treni ya kawaida ilipoanza safari, nauli ya Dodoma hadi Dar es Salaam kwa mtu mzima ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Nauli hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga. Tukichukulia kiwango hicho, kwenda na kurudi ni shilingi 62,000 kwa mtu. Mkiwa wanne, ni shilingi 248,000 kabla hamjanunua hata chupa ya maji. Kwa mtu mmoja, ukiigawanya kwa miezi 10 ni shilingi 6,200 kila mwezi, kiasi ambacho kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kukibeba. Shangazi yangu alilipa sehemu yake mwenyewe kwa njia hiyo, na njia nzima hakuacha kutukumbusha.

Tiketi inaweza kukatwa stesheni au kwa mtandao na kulipiwa kwa simu. Kila msafiri awe na kitambulisho, na jina kwenye tiketi lilingane na la kwenye kitambulisho. Akina bibi wengi wana majina mawili, la kwenye kadi na la nyumbani. Usikate tiketi kwa jina la nyumbani. Kuhusu mizigo, treni hii si kama basi. Kabla ya kufunga gunia la karanga na ndoo ya zabibu, uliza stesheni wanaruhusu nini na uzito gani.

Safari huchukua karibu saa tatu na nusu hadi nne. Kaeni upande wa dirisha. Mtapita kwenye mahandaki ya Kilosa, ambako ghafla nje kunakuwa giza, kisha Morogoro mtaiona milima ya Uluguru. Mwambie bibi mapema kuhusu mahandaki ili asishtuke.

Mwenyeji naye ana hali yake

Nyumba nyingi za Dar es Salaam ni chumba na sebule. Binamu yako atasema "njooni tu" hata kama hana mahali pa kuwalaza, kwa sababu mtu hamkatalii shangazi yake. Muulize waziwazi: watu wanne watalala wapi, choo kiko ndani au nje, kuna ngazi ngapi? Ikibidi, wazee wawili walale kwake na waliobaki wachukue chumba cha gesti ya karibu. Nendeni na kitu mkononi: karanga, unga wa uwele, mlenda mkavu. Pia wekeni fedha ya maji, umeme na mboga. Kule kila ndoo ya maji ina bei yake.

Siku moja, sehemu moja kubwa

Vijana hutaka kuona kila kitu kwa siku moja. Mwendo wa safari hii upimwe kwa magoti ya aliye mkubwa kuliko wote. Kanuni tuliyoifuata ni hii: asubuhi sehemu moja kubwa, mchana kupumzika, jioni mahali pa kukaa. Na kila mnapofika, uliza kwanza choo kiko wapi. Wanawake wazee wengi hawanywi maji siku ya safari kwa kuogopa kukosa choo, na jua la pwani huwaadhibu.

Siku ya kwanza tulikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Humo kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 na mwanamke, Mary Leakey. Kuna pia magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, akiwemo Mwalimu Nyerere.

Siku ya pili tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, kwenye barabara iendayo Mwenge. Pale zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali: msonge wa Wahaya, nyumba ya Wachaga, na tembe la Wagogo. Mama na bibi waliingia kwenye tembe wakainama mlangoni bila kuambiwa. Wanafunzi waliokuwa nje walikuwa wakisoma maelezo ukutani. Bibi aliwaonyesha vihenge huwekwa wapi na moto huwashwa wapi. Kwa nusu saa alikuwa mwalimu, katika jiji ambalo siku zote huingia kama mgeni asiyejua njia.

Historia yetu iko kule pia

Katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Samora, kuna Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na maandishi yake ni ya Kiswahili na Kiingereza. Wengi hupita pale bila kugeuza shingo. Ukiwa na bibi kutoka Dodoma, simama.

Katika vita ile Wajerumani na Waingereza walipigana katika nchi hii, na majeshi yao yalihitaji watu wa kubeba mizigo kwa sababu barabara na magari yalikuwa haba. Huku Ugogo walichukua wanaume, ng'ombe na nafaka. Mvua nazo zilipokosekana, ikaja njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya, ikaua watu wengi. Bibi alisikia habari za Mtunya kwa bibi yake. Nilipomweleza sanamu ile inawakumbuka nani, aliuliza: "Waliobeba mizigo, ndio hawa?"

Jina Kariakoo nalo limetoka huko huko. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, eneo lile lilikuwa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Watu walilitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Kwa hiyo mama anaponunua kitenge pale, anasimama mahali palipopewa jina na watu waliobebeshwa mizigo, na baadhi yao walitoka kwenye vijiji kama chetu.

Jirani na hapo, Mnazi Mmoja, inapita Barabara ya Bibi Titi Mohammed. Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na alijulikana kwanza kama mwimbaji katika vikundi vya ngoma vya wanawake. Mwaka 1955 alishika uongozi wa wanawake wa TANU, akawaita kwenye chama kupitia vikundi hivyo hivyo, na alisafiri mikoani kuhutubia. Shangazi, ambaye ni mweka hazina wa kikundi chake, aliuliza jina hilo mara mbili ili asilisahau.

Simu, fedha na Kariakoo

Kariakoo kuna msongamano. Nendeni asubuhi, na fedha nyingi ibaki kwenye simu badala ya pochi. Namba ya siri isitajwe kwa sauti mbele ya wakala, hata kama bibi hasikii vizuri. Kila mmoja awe na karatasi yenye namba ya mwenyeji, maana simu ikizima chaji au ikiibwa, namba zote huondoka nayo. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana. Na akitokea mtu anayempigia mama simu akidai "mwanao amekamatwa, tuma fedha", asitume kitu kabla hajakuona kwa macho.

Bahari

Kwa wengi wa kwetu, hiki ndicho kilele cha safari. Mnaweza kwenda Feri, mkaangalia soko la samaki, kisha mkapanda pantoni hadi Kigamboni na kurudi. Jioni, Coco Beach kuna upepo, mihogo ya kukaanga na mahali pa kukaa. Maji ya bahari hupwa na kujaa, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Mahali palipokuwa mchanga mtupu mchana panaweza kuwa na maji ya kiunoni jioni. Asiyejua kuogelea aishie kwenye vifundo vya miguu, na awepo mtu wa kumshika mkono. Mama alionja maji kwa kidole kuhakikisha kama kweli yana chumvi. Shangazi alijaza chupa ndogo apeleke kwenye kikundi, kwa sababu alijua hawatamwamini.

Rekodi sauti, usipige picha tu

Ushauri wangu wa mwisho unatoka kwenye kazi yangu. Simu nyingi zina sehemu ya kurekodi sauti. Jioni, mkishapumzika, iwashe, iweke karibu na bibi, kisha muulize alichokiona kimemkumbusha nini. Mwache aseme, usimkatize. Mazungumzo ya bibi kuhusu Mtunya niliyoyarekodi usiku ule yana dakika 41. Nyumbani nimekaa naye miaka yote na sikuwahi kuyasikia, kwa sababu nyumbani kila siku kuna kuni, maji na mbuzi.

Kama unaye mama, shangazi au bibi ambaye Dar es Salaam kwake ni hospitali na msiba, anza kuzungumza naye sasa, wakati miguu bado inampeleka. Weka elfu sita ya kwanza mwezi huu, kisha mwulize anataka kuanza kuona nini.