Kelele Katika Amplifaya ya Gitaa, na Jinsi ya Kuzipunguza



Likizo iliyopita vijana watatu wa shule yetu walinijia karakanani kwangu mjini Mbarara. Walikuwa wamebeba amplifaya ya gitaa, ile ya zamani yenye valvu, wameifunga kitenge na kuipakia juu ya bodaboda tangu Kabingo. Wakaniambia, "Fundi, mashine hii ina nguvu sana, lakini hata tusipogusa gitaa inavuma kama mzinga wa nyuki. Wazee wametukataza kuileta tena kwenye ibada mpaka inyamaze."

Niliwaahidi mambo mawili: kwanza, kwamba nitaitengeneza mbele ya macho yao, pili, kwamba nitayaandika niliyoyafanya katika gazeti hili, ili wengine wenye shida kama hiyo wapate faida. Basi leo natimiza ahadi ya pili.

Wengi wenu mwajua kwamba mimi nilikulia Kabingo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Huko hukutana watu wa Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Jambo la pili linalotuunganisha ni muziki. Ndugu zetu wa Kongo walikuja na gitaa la solo, la ritimu na la besi, na vijana wa siku hizi wameongeza sauti nzito yenye kukwaruza ya muziki wa roki. Sauti hiyo ndiyo inayotaka amplifaya yenye ukuzaji mkubwa, na hapo ndipo taabu inapoanza.

KELELE ZATOKA WAPI?

Gitaa la umeme hutoa umeme mdogo sana, kama sehemu ya kumi ya volti moja hivi. Ndani ya amplifaya umeme huo hupita katika valvu ndogo, ambazo nyingi ni za namna ya ECC83, yaani 12AX7. Kila nusu ya valvu hiyo yaweza kukuza umeme mara hamsini au zaidi. Katika amplifaya ya kawaida hatua hizo ni mbili au tatu. Katika ile ya kukwaruza huwa nne au tano, kila moja ikikuza kilichokwisha kukuzwa na mwenzake.

Sasa fikirini. Valvu haijui tofauti ya muziki na uchafu. Kitu chochote kidogo kinachoingia katika hatua ya kwanza hukuzwa mara maelfu na kutokea katika spika kama mtu mzima. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: pigana na kelele mwanzoni mwa njia, kwa maana robo ya kazi mwanzoni yashinda siku nzima ya kazi mwishoni.

KABLA YA KUFUNGUA

Msifungue mashine ya valvu kabla ya kujua yaliyomo. Ndani yake mna umeme wa volti 300 hadi 450 au zaidi, nao hukaa katika kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa plagi, ngoja, kisha toa umeme wa kapasita polepole kwa kupitia rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, na mwisho pima kwa mita mpaka uone umekwisha. Ukilazimika kupima mashine ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Tena usiiwashe kamwe pasipo spika, kwa maana transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua. Asiyekuwa na mwalimu wa kumsimamia aishie kwenye mambo ya nje, ambayo nayo ni mengi.

WAYA WA ARDHINI

Kitu cha kwanza nilichofungua mbele ya wale vijana kilikuwa plagi. Nikaona waya wa kijani na njano umekunjwa nyuma na kufungwa kwa utepe. Nikanyamaza kidogo, maana kazi hiyo naijua. Niliwahi kuifanya mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi wa bendi ya vijana wa kwetu. Tulialikwa kupiga muziki katika ukumbi mmoja hapa Mbarara. Amplifaya yetu iliunganishwa kwa waya na mashine ya kuchanganya sauti ya ukumbini, na mara ukasikika mvumo mkubwa. Sababu yake sasa naijua: kila mashine ilikuwa na waya wake wa ardhini, na waya wa sauti ukaziunganisha tena mara ya pili, ikawa duara, na duara hilo likaokota mvumo wa umeme wa ukuta. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nikichomoa waya wa ardhini katika plagi, mvumo utakwisha. Nikauchomoa. Ukakwisha. Watu wakanisifu.

Juma moja baadaye mpiga solo wetu, kijana wa miaka 16, aliniambia, "Kaka, leo nyuzi zinaniuma vidole." Nikamcheka, nikamwambia aoshe mikono. Jioni ile ile tulipiga katika ukumbi ule ule, lakini safari hii waya wa kwenda kwenye mashine ya kuchanganya haukuunganishwa. Amplifaya yetu ikawa haina njia yoyote ya kwenda ardhini. Transfoma ya zamani ikavuja, na sanduku lote la chuma pamoja na nyuzi za gitaa vikawa na umeme wa volti 240. Fyuzi haikukatika, kwa sababu umeme haukuwa na pa kwenda. Kijana alipoikaribia maikrofoni na mdomo wake ukaigusa, umeme ukapata njia, na njia ilikuwa yeye.

Alianguka na gitaa mkononi, vidole vimekaza. Mtu mmoja aliyekuwa karibu na ukuta alichomoa plagi. Kijana akapona, ila alama ipo midomoni hata leo, na gitaa hakushika tena kwa mwaka mzima. Waya ule ungekuwepo, fyuzi ingekatika mara moja na sisi tungelalamika tu kwamba muziki umekatizwa.

Basi, vijana wenzangu, mvumo wa duara hauponywi kwa kukata waya wa ardhini. Huponywa kwa kuutenga waya wa sauti, kwa transfoma ndogo ya kutenganisha, au kwa kuchomeka mashine zote mbili katika sehemu moja ya ukuta. Na mtu akikuambia nyuzi zinamuuma, usimcheke.

TUANZE NJE

Waya ulipokwisha kurudishwa mahali pake, tuliangalia nje ya mashine. Chomoa gitaa. Kelele zikikwisha, hatia si ya amplifaya. Geuka na gitaa lako huku na huku: ukisikia mvumo unapungua ukitazama upande fulani, jua gitaa linaokota umeme kutoka hewani, kwenye taa za tyubu, chaja za simu au transfoma. Gitaa lenye koili moja moja lina ugonjwa huo kwa asili. Mwaka 1955 Seth Lover, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Gibson huko Marekani, alitengeneza kiokotea sauti chenye koili mbili zilizopangwa kinyume, hata mvumo wa moja ukaufuta mvumo wa nyingine, na sauti ya nyuzi ikabaki.

Kwetu Kabingo, ambako wengi hutumia umeme wa jua, kuna adui mwingine. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini; hutoa wimbi la ngazi ngazi, na ngazi hizo husikika katika spika kama mlio mkali wa "zzzz". Vijana wale walishangaa walipoona kwamba nusu ya kelele zao zilibaki Kabingo. Hapa Mbarara, kwenye umeme wa ukuta, mlio ule haukuwapo. Dawa yake ni inveta ya wimbi laini.

KUMTAFUTA MWENYE HATIA

Kelele zilizobaki zilikuwa za ndani. Hapo tulitumia njia ya kuchomoa valvu. Zima mashine, ngoja ipoe, chomoa valvu ndogo ya kwanza, yaani iliyo karibu na tundu la gitaa, kisha iwashe tena. Kelele zikikwisha, zatoka katika hatua hiyo. Zikibaki, chomoa ya pili, na kadhalika. Zikibaki hata valvu zote ndogo zikiwa nje, basi zatoka katika valvu kubwa au katika sehemu ya kuleta umeme. (Njia hii yafaa pale ambapo hita za valvu zimeunganishwa sambamba, kama ilivyo katika mashine nyingi.)

Kisha sikilizeni ni sauti gani. Umeme wa Uganda hutikisika mara 50 kwa sekunde, na baada ya kugeuzwa kuwa wa njia moja, mabaki yake hutikisika mara 100. Gitaa lenyewe laweza kuwa kipimo chenu. Pigeni uzi mnene kabisa katika kituo cha tatu: hiyo ni sauti ya G, mitikisiko 98. Mvumo ukilingana nayo, wakaribia 100, na mshukiwa ni kapasita kubwa za kuchujia umeme, ambazo hukauka kwa uzee. Mvumo ukiwa chini zaidi, sawa na G ya gitaa la besi katika kituo cha tatu cha uzi mnene, ni 50, na washukiwa ni nyaya za hita au waya wa ardhini uliofungwa vibaya.

Mashine ya vijana ilikuwa na yote mawili. Tulibadili kapasita kwa nyingine zenye volti zisizopungua zile za zamani. Halafu tulishughulikia hita. Nyaya hizo hubeba volti 6.3 zinazogeuka-geuka, nazo zilikuwa zimetawanyika kama mizizi. Tukazisokota mbili mbili kwa kukaza, tukazilaza pembeni mwa chuma, mbali na nyaya za gridi. Tena tukafunga rezista mbili za omu 100, moja kila upande wa hita hadi ardhini, ili pande zote mbili zilingane na kufutana. Mvumo ulishuka hata wale vijana wakatazamana.

MLIO WA "SHIII"

Mvumo ulipotoka, tukasikia uliokuwa umejificha nyuma yake: sauti kama mvua ya mbali juu ya bati. Hiyo haitoki ukutani. Hutoka katika rezista zenyewe, kwa kuwa elektroni ndani yake hazitulii maadamu kuna joto. J. B. Johnson aliipima jambo hili Marekani katika miaka ya 1920, na kwa hiyo limeitwa kwa jina lake. Rezista ya omu 68,000 iliyo mlangoni mwa amplifaya hutoa kama sehemu tano katika milioni za volti moja. Kuza hizo mara 10,000, nawe una kelele ya kusikika.

Hatuwezi kuiua, lakini twaweza kuipunguza. Rezista za zamani za kaboni katika anodi ya valvu ya kwanza tulizibadili kwa za utando wa metali, zilizo tulivu zaidi. Ile ya mlangoni tuliipunguza hadi omu 33,000 na kuilehemu juu ya soketi ya valvu yenyewe, ili waya wa gridi usiwe mrefu na kuwa kama erio ya redio. Waya wa kutoka kwenye tundu la gitaa tuliufanya kuwa wa kufunikwa, na kifuniko chake tukakiunganisha ardhini upande mmoja tu.

Mwisho tuligonga kila valvu polepole kwa penseli ya mti. Moja ililia kama kengele. Hiyo ilikuwa imegeuka maikrofoni. Tukaihamisha nyuma, na ile iliyo tulivu kuliko zote tukaipa nafasi ya kwanza.

NENO LA MWISHO

Nilipokwisha, nilimwambia mpiga gitaa wao apunguze kitasa cha ukuzaji hadi nusu na kuongeza kile cha sauti kuu. Sauti ya kukwaruza ilibaki, kelele zikashuka tena. Vijana wengi hufungua kitasa mpaka mwisho wakidhani ndiko kuliko na nguvu. Lakini debe tupu haliachi kuvuma.

Je, mashine ilinyamaza kabisa? Hapana. Ukiweka sikio karibu na spika, mvua ile ya mbali bado ipo. Mashine yenye ukuzaji mkubwa isiyo na sauti yoyote huenda imezimwa. Lakini Jumapili iliyofuata waliichukua Kabingo kwa inveta ya kuazima, na wakati wa sala, mashine ikiwa imewashwa, hakuna mzee aliyegeuza kichwa.

Mwenye kuwabebea gitaa siku ile alikuwa mtu mzima kuliko wao, mwenye alama ndogo midomoni. Kabla ya kuwasha alifungua plagi kwa bisibisi, akatazama waya wa kijani na njano, akaifunga tena. Kisha akapiga solo.