Limfoma Isiyounda Uvimbe: Utambuzi wa Saratani Iliyojificha Ndani ya Mishipa ya Damu

Mwaka 1959, Pfleger na Tappeiner walieleza ugonjwa ambao seli zake zilijaa ndani ya mishipa midogo ya damu, wakadhani zimetokana na utando wa mishipa yenyewe. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka ishirini, hadi mbinu za kutia rangi kwa kutumia kingamwili zilipobainisha kuwa seli hizo ni limfosaiti, na aghalabu ni za aina ya B. Makala haya yanaeleza kwa nini limfoma hiyo, inayokadiriwa kumpata chini ya mtu mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, huwaponyoka matabibu hata sasa.

Limfoma nyingine huvimbisha tezi. Hii kwa kawaida haizivimbishi. Seli zake mara nyingi hukosa protini za CD29 na CD54, ambazo husaidia limfosaiti kushikamana na ukuta wa mshipa na kupenya kuingia kwenye tishu. Inadhaniwa kuwa ndiyo sababu hubaki zimesongamana ndani ya kapilari. Dalili basi hufuata kiungo kilichozibwa: kuchanganyikiwa au viharusi vinavyojirudia, kuishiwa pumzi, mabaka ya ngozi, au homa tu isiyo na chanzo. Katika nchi za Magharibi huathirika zaidi ngozi na ubongo. Nchini Japani huonekana zaidi sura ambamo ini na wengu huvimba na chembe za damu humezwa ndani ya uboho. Si ajabu kwamba wagonjwa wengi walitambuliwa katika uchunguzi wa maiti.

Kipo kidokezo cha gharama nafuu: kimeng'enya cha laktati dehidrojenasi hupanda sana katika damu. Peke yake hakithibitishi neno, maana hata malaria hukipandisha. Lakini kikiambatana na homa ya majuma kadhaa na tezi zisizovimba, tabibu hana budi kuagiza vipande vya ngozi, hata kama ngozi inaonekana nzima kabisa. Watafiti wa Japani wameonyesha kuwa vipande vilivyochukuliwa pajani, tumboni na mkononi vinaweza kufichua seli hizo. Sharti vifike kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Vya juujuu huweza kumpa mgonjwa amani ya uongo.

Kuwahi kuna tija. Katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 38 ambao ubongo wao haukuwa umeonyesha dalili za kuathirika walitibiwa kwa rituksimabu, tibakemikali na kinga ya ubongo. Baada ya miaka miwili, asilimia 76 walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele.

Kwa washauri wa sera, hoja ya gharama si nzito kama inavyodhaniwa: kingamwili ya CD20 inayohitajika maabara ndiyo ile ile inayotumika kutambua limfoma za kawaida. Linalohitaji mwongozo ulioandikwa ni mfuatano wa hatua, kwani steroidi zikitangulia kutolewa ili kutuliza homa, huweza kuzipunguza seli hizo kabla kipande hakijakatwa.