Nyumba ya Wageni na Maji ya Mvua

Sisi wa Kitangari, tuliozoea kuhesabu ndoo, tunazitazama kwa makini nyumba saba za wageni kisiwani Chumbe, Zanzibar. Kisiwa kile hakina maji baridi. Mvua hukingwa na mapaa mapana ya makuti, ikachujwa na kuhifadhiwa birikani chini ya sakafu. Jua hutoa umeme. Vyoo hutengeneza mboji bila maji.

Kamati yetu inakusudia kujenga nyumba ya kufikia wageni wa msikiti. Fundi alileta mchoro wenye vyoo vya kuvuta maji, wala haukuwa na gata hata moja. Tumeurudisha. Israfu tumekatazwa hata katika udhu, seuze chooni! Hata hivyo, baadhi ya wazee wanahofia najisi ya mboji. Suala hilo tumelipeleka kwa sheikh, na msingi haujachimbwa.