Masikio ya Mwendesha Mashine

Msimu wa kahawa ukifika, mashine za kukoboa hunguruma kutwa nzima Bukoba na Muleba. Zile za kusaga mahindi na mihogo hazina msimu. Anayezihudumia huzoea kuzungumza kwa ishara, na jioni arudipo nyumbani husikia masikioni mlio kama wa nyenje. Kukicha mlio umekwisha, naye hujiona amepona. Hapo hasa ndipo pa kumwahi.

Sauti kali hudhuru seli zenye vinyweleo zilizomo katika sikio la ndani. Zikichoka hurejea baada ya mapumziko. Zikifa hazioti tena. Hutangulia kufa zile zipokeazo sauti nyembamba, za masafa ya hezi 3,000 hadi 6,000. Ndiyo maana mgonjwa husema, “Nasikia, ila sielewi.” Irabu humfikia, lakini s, f na sh hupotea, hata asitofautishe “fika” na “shika”. Mara nyingi mkewe hutambua kabla yake, kwa jinsi redio inavyozidi kupandishwa sauti.

Kumulika sikio kwa kurunzi hakutoshi, kwa kuwa ngoma ya sikio huonekana nzima. Mhudumu aulize kazi ya mgonjwa pamoja na dawa alizotumia, maana kwinini nayo huleta mlio, na sindano za streptomaisini huweza kuua seli zizo hizo. Swali la kazi ndilo lisahaulikalo kwa urahisi. Mvuvi wa Bumbire aketiye kando ya injini ya mtumbwi hulistahili sawa na mtu wa kiwandani.

Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Bergen, Norway, walipowapima wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini, katika matokeo yaliyochapishwa 2019, asilimia 48 walikuwa wamepungukiwa usikivu. Kwa walimu waliolinganishwa nao, asilimia 31.

Kipimo cha odiometa kifanyike kabla ya mtu kuanza kazi, kisha kila mwaka, baada ya saa 14 au zaidi bila kelele. Tofauti kati ya vipimo hivyo hufichua hasara ambayo mwenyewe hajaihisi. Desibeli 85 kwa saa 8 ndizo mpaka. Kila zinapoongezeka 3, muda hupungua nusu. Asiye na kifaa na ajaribu kuzungumza na mwenzake aliye umbali wa mkono: akilazimika kupaza sauti, kelele imezidi. Avae vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida haitoshi.