Bei khiyari, rehani na poni

Msomaji wa leo akikutana na neno bei katika hati ya zamani ya shamba, huelekea kuuliza: shilingi ngapi? Si ajabu, kwa kuwa katika Kiswahili cha sasa bei ni thamani ya kitu sokoni. Lakini hati nyingi za mashamba ya mikarafuu kisiwani Pemba ziliandikwa kwa Kiarabu, na humo bei ni tendo lenyewe la kuuza. Asiyelijua hili huweza kuisoma vibaya karatasi ya babu yake.

Neno linaloponza zaidi ni bei khiyari. Khiyari ni lile lile tulilolizoea kwa sura ya hiari. Hata hivyo bei khiyari si bei ya mapatano, wala si kuuza kwa kupenda mwenyewe. Ni mauzo ambayo muuzaji amejiwekea hiari ya kuyavunja: akirejesha fedha alizopokea ndani ya muda uliotajwa, shamba humrudia. Kinyume chake, katika hati za Kiomani, ni bei ya kat'i, yaani mauzo yaliyokatwa, yasiyo na marejeo.

Tuchukue mfano wa mwenye mikarafuu wa Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, katika zama za Masultani. Anahitaji fedha za kupalilia na za kuwalipa wachumaji, na karafuu bado zi mtini. Anamwendea tajiri wa mjini na kumuuzia shamba kwa bei khiyari ya miaka miwili. Hahami. Hapo hapo analikodi shamba lake mwenyewe kwa yule tajiri, na kila msimu anatoa kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyosimama mahali pa faida ya mkopo, kwa sababu sheria ya Kiislamu imeharimisha riba. Majirani huendelea kuliita shamba la fulani, naye husema ameliweka tu; karatasi inasema ameuza. Akifariki kabla ya muda kwisha, warithi wake na tajiri hufika kwa kadhi kila upande na neno lake, na hakuna aliyesema uongo.

Mahakama za Kiingereza zilipoanza kusikiliza mashauri ya namna hii Zanzibar, ziliona mkopo uliovaa kanzu ya mauzo, zikauita mortgage. Neno hilo nalo ni la kale. Limetoka katika Kifaransa cha zamani, na maana yake ni rehani mfu. Thomas Littleton, mwanasheria wa Uingereza wa karne ya 15, alieleza sababu ya kuitwa hivyo: mdaiwa asipolipa kwa wakati, ardhi imekufa kwake, akilipa, rehani imekufa kwa mdai.

Kamusi zetu hulifasiri neno hilo kwa rehani, ambayo Unguja na Pemba husikika pia rahani. Kwa matumizi ya benki ya leo tafsiri hiyo yatosha. Kwa hati za kale, mimi naiona ina kasoro. Katika fikihi, kitu kilichowekwa rehani hubaki milki ya mdaiwa; kimezuiliwa tu mpaka deni lilipwe. Mortgage ya zama za Littleton ilikuwa ikihamisha milki kwa sharti la kurejeshwa, na hivyo ndivyo ifanyavyo bei khiyari. Istilahi hizi mbili, zilizozaliwa mbali mbali, zinafanana kuliko yoyote kati yao inavyofanana na rehani. (Poni tuiache pembeni: ni neno la Kiingereza lililokuja kutumika kwa mkufu, bangili na vitu vya kuchukulika mkononi, shamba haliwekwi poni.)

Tofauti hizi hazikuwa za wanazuoni peke yao. Madeni ya wenye mashamba yalizidi hata Serikali ikatoa amri mwaka 1934 za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe watu wengine bila ya idhini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya Serikali, familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu, na karatasi nyingi za kale zikapoteza nguvu. Zilizobaki makashani zingali zikisomwa, aghalabu pale ukoo unapotaka kujua mikarafuu ya nani ilikuwa ya nani.

Mwenye kuisoma hati kama hiyo asikimbilie kiasi cha fedha. Atazame kwanza kama neno khiyari limetajwa, kisha kama pana muda uliowekwa, kisha kama pana hati ya pili ya kukodi, kati ya watu wale wale na kwa shamba lile lile. Vikikutana vyote vitatu, aandike katika tafsiri yake “mauzo yenye hiari ya kukomboa”, na asiandike “ameuza” pekee.