Kisu cha Kukunja: Kishike Kabla Hujalipa

Eldoret haina maonyesho ya visu. Wamarekani wana Blade Show, iliyoanza mwaka 1982 na ambayo kwa miaka mingi sasa hufanyika Atlanta. Wafaransa wana Coutellia huko Thiers, mji ambao umeishi kwa kazi ya visu karne na karne. Huko mnunuzi hutembea meza hadi meza, hukunjua kisu kipya, hukipima kiganjani, hukirudisha, kisha huenda meza ya jirani. Sisi tuna maonyesho ya kilimo ya ASK, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Machi, wakati mkulima wa Uasin Gishu anatayarisha shamba la mahindi. Na mwaka mzima tuna hadwea, agroveti na vibanda vya kando ya soko. Kisu cha kukunja hapa huuzwa katikati ya tochi na kufuli, mara nyingi kikiwa kimefungwa ndani ya plastiki ngumu, na mwenye duka hutarajia ulipe kwanza ndipo ukifungue.

Usikubali. Kisu cha kukunja si kama panga au kisu cha jikoni, ambacho ukiangalia chuma na mpini umemaliza. Hiki ni mtambo mdogo wenye bawaba, na ubora wake wote umejificha kwenye bawaba hiyo. Picha ya simu haiwezi kukuonyesha kama ubapa unayumba. Bei nayo haitakuambia. Mkono ndio utakaokuambia, ndani ya dakika mbili, ikiwa unajua cha kutafuta.

Anza na adabu, kwa sababu muuzaji aliyeheshimiwa hukuruhusu mengi. Mwambie, "Naomba nikifungue, sitagusa makali." Usikirushe kifunguke kwa mkupuo kama wanavyofanya vijana kwenye filamu, mtindo huo huchosha bawaba na humtia hofu mwenye mali. Usipitishe kidole kwenye makali. Ukimaliza, futa ubapa kwa kitambaa, maana jasho la vidole huacha alama, na kwenye chuma cha kaboni alama hiyo huwa kutu. Kirudishe kikiwa kimekunjwa. Atlanta na Thiers watu hufuata taratibu hizi hizi bila kuambiwa.

Sasa kikunjue polepole. Ubapa uende laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukwama na bila kulegea ghafla. Kikiwa cha springi, kama vile visu vya Uswisi, utasikia mlio mmoja mkavu kinapofika mwisho. Mlio mzito usio na uhakika maana yake springi ni dhaifu au bawaba imejaa uchafu wa kiwandani. Kisha shika mpini kwa mkono mmoja, bana ubapa kwa vidole viwili upande wa mgongo wake, mbali na makali, na uusukume kulia na kushoto. Kuyumba kidogo sana kwenye kisu cha bei ya chini kunavumilika. Ukisikia "tiki tiki", rudisha. Kisu kipya kinachotikisika leo, mwezi wa tatu wa kukata kamba za marobota ya nyasi kitakuwa kinacheza kama jino la mtoto.

Kama kina kufuli, lijaribu. Bonyeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ambayo ubapa ungepita ukifunga. Lisiachie hata kidogo. Wengine hupiga mgongo wa kisu mezani kwa nguvu ili kuthibitisha; hilo ni kuharibu mali ya mtu na kuhatarisha vidole vyako. Halafu kikunje, ukitazame kwa juu: ubapa ulale katikati ya nyumba yake bila kusugua ubavu, na ncha isichomoze hata kidogo, kwa sababu ncha inayochomoza itatoboa mfuko, na siku moja paja. Mwisho, geuza makali kuelekea dirishani. Makali mazuri hayang'ai. Ukiona mstari mwembamba wa mwanga juu yake, hapo pamelala, na utaanza safari yako kwa kunoa.

Tuje kwenye bei. Ngazi ya chini kabisa ni visu visivyo na jina vinavyotoka China, shilingi 200 hadi 500 kwenye vibanda. Vingi vimeandikwa "Stainless" tu, au "440" bila herufi. Kuna 440A, 440B na 440C, na tofauti yake ni kaboni: 440C ina takriban asilimia moja, 440A ina takriban theluthi mbili yake. Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu wa kushika makali, kwa hiyo mtengenezaji aliyetumia 440C kwa kawaida hatasahau kuiandika C. Sisemi visu vya China vyote ni vibaya. Kampuni kama Sanrenmu na Ganzo hutengeneza visu vya kukunja vinavyoheshimika, vyenye jina la chuma lililoandikwa wazi ubavuni. Lakini kile cha shilingi 300 kilicho na tochi, kifungua chupa na nyundo ya kuvunjia kioo ndani ya mpini mmoja kimegawanya fedha yako kwenye vitu vinne, na ubapa umepata fungu dogo kuliko vyote.

Ngazi inayofuata ndiyo ninayoitetea. Ni visu rahisi vya ubapa mmoja na kufuli moja, vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wa shamba. Okapi ni kimojawapo. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, na tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kina mpini wa mbao, ubapa wa chuma cha kaboni, na pete ndogo mgongoni unayoivuta ili ubapa uachie. Kukikunjua hutoa mlio wa meno ya chuma yanayopishana, na wengi hukijua kwa mlio huo kabla hata hawajakiona. Si kisu cha kupendeza macho. Mbao yake hukwaruza na pete hushikilia uzi wa mfuko. Ila kazi inafanya, na kikipotea kwenye mahindi hutalia.

Opinel ni cha pili. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na ukubwa wake hutajwa kwa namba. Namba 8, chenye ubapa wa sentimita 8.5, ndicho kinachofaa kiganja cha mtu mzima. Mwaka 1955 waliongeza pete ya chuma shingoni: ukiizungusha, ubapa hauwezi kujikunja. Ulaya namba 8 ni takriban euro 10 hadi 15. Ukiongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 hadi kufika Eldoret, usishangae ukitajiwa shilingi 2,500 au zaidi. Nikishika namba 8, kinachonivutia ni wembamba wa ubapa. Visu vingi vipya ni vinene nyuma ya makali, vinapasua badala ya kukata. Huu hupita kwenye viazi na maembe bila kuvibana. Kasoro yake ni mbao. Ikilowa, huvimba na kuushika ubapa ndani. Anayekamua ng'ombe alfajiri na mikono yenye maji ataijua shida hiyo mapema. Wenyeji wa Savoie hugonga kitako cha mpini mezani mpaka ubapa uchungulie, na kuipaka mbao iliyo karibu na bawaba mafuta ya kitani hupunguza tatizo.

Juu kabisa, kwa wengi wetu, ipo Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, akawapelekea wanajeshi wa Uswisi visu vyake vya kwanza mwaka 1891, na kile cha maofisa, chenye vifaa vingi, kilisajiliwa mwaka 1897. Hapa kwetu kisu chao cha Spartan, chenye bapa mbili, vifungua kopo na chupa, kizibuo na vingine, huuzwa kati ya shilingi 4,000 na 6,000 kutegemea duka. Kwa fedha hiyo unapata springi zilizopimwa kwa makini, chuma kisichoshika kutu, na dhamana ya maisha dhidi ya kasoro za utengenezaji. Hupati kufuli: ubapa wa Spartan unashikiliwa na springi tu, na ukisukuma ncha kwenye kitu kigumu unaweza kukujia vidoleni. Watu wengi hununua kisu hiki wakidhani ndicho imara kuliko vyote. Ni kisu bora cha ofisini, cha safari na cha fundi wa umeme. Kwa kukata kamba ngumu shambani, Okapi cha bei ndogo ni salama zaidi kwa vidole.

Jihadhari na bandia. Msalaba mweupe kwenye plastiki nyekundu hauthibitishi chochote. Kunjua ubapa mkubwa na usome chini yake, karibu na bawaba: kisu halisi kimechapwa jina Victorinox na Swiss Made kwa herufi safi, nyembamba. Vuta kibanio kidogo na kijiti cha meno. Vitoke kwa kukaza, si kwa kudondoka. Bandia huwa na bapa zinazogusana zinapofungwa, na ukiziangalia kwa upande utaona nafasi zisizolingana.

Mwanariadha anayeruka kwenda mbio za ng'ambo, na Eldoret tunao wengi, anapaswa kukiweka kisu kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Hata kile kidogo cha kuning'inia kwenye funguo kinaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi wa mzigo wa mkononi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, biashara ya visu vya Uswisi iliumia sana kwa sababu hiyo, na mwaka 2005 Victorinox ikamnunua mshindani wake Wenger. Pia kiache nyumbani ukienda mkutano wa hadhara. Askari hatakuuliza kama kilikuwa cha kumenyea chungwa.

Anayebebesha miche ya parachichi asinunue chochote kati ya hivi kwa kazi hiyo. Kisu cha kubebeshea hunolewa upande mmoja tu, ili mkato uwe tambarare na vikonyo vikutane bila mwanya. Kisu cha kawaida, kilichonolewa pande mbili, huacha mkato wenye tumbo kidogo. Kitafute kwenye agroveti na kwa wauzaji wa miche, na ukipime kwa mkono uleule, ila uangalie pia upande ulionolewa: vingi hutengenezwa kwa wanaotumia mkono wa kulia, na mwenye mkono wa kushoto atahangaika. Hilo linahusu pia kufuli za bamba zinazosukumwa kwa kidole gumba.

Sasa hesabu. Chukulia unanunua cha shilingi 300 na kila baada ya miezi sita kinalegea. Kwa miaka mitano umelipa shilingi 3,000, na kwa muda mwingi kati ya hiyo umekuwa ukitumia kisu kibovu. Opinel cha shilingi 2,500, ukikitunza, kitakuwa bado kinakata. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: usikipoteze. Mtu anayejijua kuwa huacha vitu juu ya ua, kwenye trekta na kwenye kiti cha matatu ana haki ya kununua cha bei ndogo, na afanye hivyo bila aibu, ilimradi bawaba yake haitikisiki. Mwingine asiye na haja ya kukunja kabisa, kwa mfano mama anayeuza mboga mahali pamoja siku nzima, anafaa kununua kisu cha jua kali chenye ala. Hakina bawaba ya kulegea wala pa kuficha uchafu wa chakula.

Jambo ambalo wanunuzi karibu wote hulisahau ni kinoo. Kisu cha shilingi 5,000 kisichonolewa hushindwa na cha shilingi 300 kilichonolewa jana. Tenga shilingi mia kadhaa ya kinoo chenye nyuso mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini, tangu siku ya kununua kisu, hata ikibidi ushuke ngazi moja ya bei. Chuma cha kaboni hunoleka kwa haraka sana. Kile kisichoshika kutu hutaka subira. Usimpe kisu cha mfukoni mnoaji anayezunguka mitaani na gurudumu la kunolea linalozungushwa kwa baiskeli, isipokuwa ukiona kwamba analilowesha maji. Gurudumu kavu huchoma makali membamba ndani ya sekunde chache. Ukiona rangi ya bluu imejitokeza pembezoni, chuma hapo kimelegea, na makali hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo yote iliwe na jiwe. Unoe nyumbani: maji kidogo juu ya jiwe, mgongo wa ubapa uinuliwe kidogo kwa pembe isiyobadilika, upande mmoja mpaka uhisi ukingo mwembamba umejikunja upande wa pili, kisha geuza. Ukimaliza, tone moja la mafuta kwenye bawaba, fungua na funga mara chache, futa. Na risiti ya dukani ihifadhi, kwa sababu ukirudisha kisu kilichoanza kuyumba wiki ya kwanza, hiyo ndiyo mwenye duka atakayoiuliza.